Tovuti ya kujitengenezea ni sawa, ila mgeni wako nani kamfikiria?

Mbukwenyi wadau. Leo naongelea kitu kinachoniweka mjini, kwahiyo nasema mapema kabisa kwamba mimi natengeneza tovuti za watu hapa Dodoma na ndo kazi inayonilipia kodi ya nyumba, usije ukafika katikati ukasema aah kumbe huyu anatetea ugali wake. Ndio natetea ugali, na natetea pia kitu ninachokiamini, hivyo viwili havigombani.

Maneno ninayokutana nayo karibu kila nikikaa na mteja mpya ni haya: siku hizi si mtu anajitengenezea tu? Binti yangu yuko Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, anasomea mambo ya kompyuta pale CIVE, ananiambia kuna sehemu unaingia, unachagua muundo, unaweka picha zako, usiku mmoja umemaliza, sasa wewe milioni yako ni ya nini? Na swali ni la haki kabisa. Hela ni ngumu, mtu ana lodge au ana duka la vifaa vya ujenzi, akiambiwa kitu hiki kinapatikana bure au kwa hela kidogo kwa mwezi, kwanini asiulize.

Kwanza tukubaliane kwamba hizi zana za kujitengenezea tovuti sio kitu cha jana. GeoCities ilianza 1994 na watu wa kawaida wasiojua kuandika lugha ya kompyuta hata mstari mmoja walikuwa wanajijengea kurasa zao mule. WordPress imekuja 2003, Squarespace mwaka huo huo, Wix na Shopify 2006. Leo WordPress peke yake inabeba zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, na mimi mwenyewe naitumia kila siku, sina ugomvi nayo. Na sasa hivi imefika hatua unaandika sentensi moja tu, "nataka tovuti ya lodge Dodoma", akili bandia inakuletea ukurasa mzima na picha na maneno kabla chai haijapoa. Kwahiyo ile hoja ya zamani ya mafundi kwamba ukijitengenezea itakuwa mbaya haina miguu tena. Templeti, yaani ile miundo iliyochorwa tayari, za siku hizi ni nzuri, zimechorwa na madizaina wazuri sana, wengine wazuri kuliko mimi. Uzuri wa kurasa sio kitu ninachouza, na dizaina anayeendelea kuuza hicho tu namuonea huruma maana soko linamkimbia.

Sasa chukua lodge, tuone kinachobaki.

Lodge Dodoma zimeota kila kona tangu serikali ianze kuhamia hapa 2016, Ilazo, Kisasa, Nzuguni, Area D, kote huko. Na wenye lodge wanajua miezi yao ya neema, Bunge la bajeti likishaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni mji unajaa, watu wa wizara, watu wa taasisi wanaokuja kujieleza kwenye kamati, waandishi wa habari, kila mtu anatafuta chumba. Alafu kuanzia Julai 2024 treni ya SGR inatoka Dar mpaka hapa, mtu anaamua safari asubuhi na jioni yuko Dodoma, chumba anakitafutia humo humo kwenye behewa. Huyo ndo mgeni, mfikirie vizuri. Ameshika simu ya kawaida tu, kioo kina ufa, bando limebaki kidogo, treni inapita kule Kilosa kwenye yale mahandaki mtandao unakuja unapotea unakuja unapotea, na anachotaka kujua ni bei, kama usiku wa leo kuna nafasi, ni maeneo gani, na namba ya kupiga. Basi, hana shida na kingine.

Kuna mama mmoja mwenye lodge alinionyesha tovuti aliyotengenezewa na mpwa wake kwa zile zana za kuburuta na kudondosha. Niseme ukweli, kwenye kompyuta ilikuwa inapendeza, kijana ana jicho. Ila nikaifungua kwenye simu yangu kwa bando. Juu kabisa kuna picha imejaa kioo chote, na sio moja, ni tano zinapokezana zenyewe, na kila moja imetupiwa mule kama ilivyotoka kwenye simu, MB nne, MB tano kila moja, kwahiyo kabla hujaona hata jina la lodge umeshakula zaidi ya MB ishirini za mtu. Maandishi ni ya kijivu mepesi juu ya nyeupe. Bei hakuna popote. Kuna kitufe cha Kiingereza cha kuweka nafasi, ukikibonyeza inakuja fomu inataka tarehe, idadi ya watoto na namba ya kadi ya benki. Namba ya simu ipo, iko chini kabisa, ila ni sehemu ya picha ya bango la lodge, huwezi kuigusa ikapiga, inabidi utafute kalamu. Na ramani inaonyesha katikati ya mji huko Uhindini wakati lodge yenyewe iko Nzuguni upande wa stendi ya Nanenane.

Sikumwambia kitu kuhusu muonekano. Nikamuuliza, mama, wageni wako wengi ni watu gani? Akasema, mwanangu wengi ni madereva na watu wa semina, wanashuka stendi usiku usiku wanapiga simu. Wanalipaje? Lipa Namba, wengine wanatoa mkononi. Kuna aliyewahi kutaka kulipa kwa kadi? Akafikiri, akasema hapana, hakumbuki. Wakipiga simu wanauliza nini cha kwanza? Hapo hakufikiri hata kidogo, akasema wanauliza kama kuna sehemu ya kulaza gari na kama maji yanatoka.

Kama maji yanatoka! Mtu yeyote aliyeishi Dodoma anaelewa hilo swali limetoka wapi, kuna mitaa huku maji yanakuja kwa mgao na mgeni aliyewahi kuoga kwa ndoo asubuhi ya kikao hasahau. Na yule mama ana simtanki mbili kubwa juu ya mnara, maji hayajawahi kukatika kwake, yaani anacho kile kitu ambacho wageni wanakitafuta kuliko vyote na kwenye tovuti yake hakikuandikwa popote. Templeti ilikuwa na nafasi ya bwawa la kuogelea, spa, jimu, na Wi-Fi. Nafasi ya maji haikuwepo, maana aliyeichora yuko nchi ambayo mtu hawezi hata kuwaza kuuliza hilo. Na mpwa alijaza nafasi alizozikuta, akafuta zile ambazo hawana, akamaliza.

Hapa ndo penye hoja yangu yote. Mwenye biashara hawezi kukuambia kuhusu yale maji bila kuulizwa, kwasababu kwake ni kitu cha kila siku, hakioni tena. Zana haiwezi kumuuliza kwasababu haijui kama kuna kitu cha kuuliza. Akili bandia nayo, nimeijaribu sana na naitumia kwenye kazi zangu, ukiiambia ikuandikie maneno ya lodge inakuletea "huduma bora zenye viwango vya kimataifa katika mazingira tulivu na salama", Kiswahili kisafi kabisa, na sentensi hiyo hiyo inaweza kukaa kwenye lodge ya Mbeya, ya Mwanza, ya Singida, hakuna atakayejua tofauti. Inaandika vizuri kile ulichoiambia, ila wewe hujajua bado cha kuiambia. Lazima akae mtu pembeni, asiyeizoea hiyo biashara, mwenye mazoea ya kuuliza maswali yanayoonekana ya kijinga, wateja wako nani, wanatoka wapi, saa ngapi, wanashika simu gani, wanaogopa nini, wanakupigia kuuliza nini. Hiyo ndo kazi. Kuburuta na kudondosha kunakuja baadae na ni sehemu ndogo tu.

Tovuti ya yule mama tuliifumua. Juu jina, chini yake bei ya chumba, chini yake "maji muda wote, parking ndani ya geti, dakika chache kutoka stendi ya Nanenane", alafu vitufe viwili vikubwa, cha kupiga na cha WhatsApp. Picha zipo, ila kila moja nimeibana mpaka chini ya KB 150 na kwenye simu hakuna jicho litakaloona tofauti. Fomu ya kadi tumeitoa. Saa tumeziandika kama tunavyozisema, kuingia kuanzia saa 8 mchana, kutoka mwisho saa 4 asubuhi, maana ile 14:00 wahudumu wake wenyewe ilikuwa inawachanganya. Mama ananiambia sasa hivi wanaopiga hawaulizi tena habari ya maji, wanauliza tu chumba kipo.

Niongee kidogo kuhusu ile kijivu, maana hiki kitu kinaniuma na watu wanakichukulia kama mapambo. Dodoma ni jua. Mtu amesimama pale Nanenane saa saba mchana na simu mkononi, mwanga wa simu ameupunguza ili chaji isiishe, alafu wewe umemuandikia namba yako kwa kijivu mpauko juu ya nyeupe, haoni chochote, anakinga mkono juu ya kioo anahangaika alafu anaacha. Kuna kipimo kabisa cha kimataifa, miongozo ya WCAG ya kufanya tovuti isomeke na kila mtu, inasema maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na kuna programu za bure zinakupimia hapo hapo. Watu wengi wanafikiri ile miongozo ni kwa ajili ya wenye ulemavu wa macho peke yao, na kwa kweli wao ndo wa kwanza na hiyo peke yake inatosha, lakini jua la hapa linatufanya sote tuwe na macho mabovu kwa masaa kadhaa kila siku. Templeti nyingi ambazo nimezipima hazifiki hiyo 4.5, zimechorwa zionekane tulivu kwenye kioo kikubwa ndani ya ofisi yenye kiyoyozi.

Na uzito wa kurasa vile vile. Google wenyewe wanasema sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, na siku hizi wanaisoma tovuti yako kwa umbo lake la simu, sio la kompyuta. Kwahiyo picha za MB tano zinakula bando la mgeni na pia zinakushusha kwenye matokeo ya kutafuta, alafu mtu anajiuliza mbona jirani anaonekana mimi sionekani.

Kuna zana moja maarufu ambayo miundo yake inakuja na anwani ya mfano ya San Francisco, Marekani, na namba ya simu 123-456-7890, ili wewe uweke ya kwako. Itafute hiyo namba kwenye Google uone ni biashara ngapi za dunia nzima zimeiacha hivyo hivyo, saluni, makanisa, wanasheria. Sio wajinga hao watu. Wamekaa usiku wamechoka, wamejaza ukurasa wa kwanza vizuri, huko chini hawakufika, na hakuna mtu wa pili aliyepita kukagua. Macho ya pili ni kitu unachokinunua kwa fundi bila kujua kama umekinunua.

Alafu kuna suala la kumwambia mteja hapana. Kikundi cha wakulima wa zabibu upande wa Hombolo walikuja wanataka tovuti yenye duka, mtu wa Dar abonyeze alipe. Nikakaa nao nikauliza. Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kwahiyo kuna miezi shamba lina mzigo na kuna miezi hakuna kitu. Wanunuzi wao ni wenye viwanda vya mvinyo na wafanyabiashara wachache wanaopeleka za mezani mjini na Dar, watu wanaofahamika kwa sura, na hakuna hata mmoja ambaye atalipia tani ya zabibu hajaziona. Wanachotaka ni picha ya shamba ya leo, sukari imefika ngapi, bei kwa kilo, na gari linaweza kuingia mpaka wapi mvua ikinyesha. Sasa hapo duka la mtandaoni la nini? Niliwashauri waweke eneo lao kwenye ramani ya Google, bure, wafungue WhatsApp Business na katalogi yake, wachague mtu mmoja wa kupiga picha na kujibu ndani ya saa moja msimu ukifika. Walinilipa ushauri wa siku moja, wakaokoa hela ya kitu ambacho kingekaa bila mgeni. Ile zana ya kujitengenezea ingewauzia kifurushi cha duka siku hiyo hiyo bila kuuliza swali hata moja, kwasababu imetengenezwa iuze vifurushi. Sisemi kwa ubaya, ndo biashara yao.

Jambo la kumiliki halifurahishi kuliongelea ila lazima. Zana nyingi za kujitengenezea unalipa kwa dola kwa kadi, kila mwezi au kila mwaka, na kama ulilipia kwa kadi ya mtandaoni uliyotengeneza kwenye simu ukasahau kuweka salio, siku ya makato tovuti inarudishwa kwenye kifurushi cha bure na matangazo yao juu yake, au inazimika. Baadhi yao huwezi kuibeba tovuti yako ukaihamishia kwenye seva nyingine, yaani kompyuta nyingine inayohifadhi tovuti, ukiondoka unaondoka na maandishi na picha, mengine unaanza upya. Na zana zenyewe zinakufa. GeoCities ilifungwa 2009. Google walikuwa wanawapa wafanyabiashara wadogo tovuti ndogo za bure kupitia wasifu wa biashara, Machi 2024 wamezizima. Na wale wanaosema tovuti ya nini mimi niko Insta na WhatsApp, tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zote zilizima kwa karibu masaa sita dunia nzima, siku hiyo aliyekuwa na ukurasa wake kwenye jina lake la .co.tz alikuwa anapatikana.

Lakini hapa hapa nigeuke upande wetu mafundi, maana kuna uchafu mwingi na siwezi kuwanyooshea kidole wengine nikautazama wetu kimya. Kuna mtu anajiita dizaina anamsajilia mteja domeini, yaani lile jina la tovuti, kwa jina lake yeye mwenyewe, paswedi zote anazo yeye, mwaka ukiisha anapandisha bei anavyotaka au anabadilisha namba ya simu anapotea, na mwenye biashara anakuta jina la kampuni yake sio lake. Kuna wanaochukua templeti za kulipia zilizovunjwa wanaziweka kwa wateja, ndani zina mlango wa nyuma wa kuingilia wadukuzi, baada ya miezi unatafuta shule yako kwenye Google unakuta imejaa maandishi ya Kijapani ya kuuza viatu na mikoba feki. Kuna wanaokabidhi tovuti ya WordPress na hawasemi kabisa kwamba inatakiwa kusasishwa na kuwekewa bakapu, yaani nakala ya akiba. Mtu aliyepitia hayo akikimbilia kujitengenezea mimi namuelewa kabisa, zana ya kampuni kubwa angalau inasasishwa na wenyewe na haizimi simu.

Na fomu jamani. Lodge inaomba jina, namba ya NIDA, simu, unatoka wapi unaenda wapi, vyote vinaingia kwenye fomu ya bure na vinatumwa kwenye barua pepe ya kijana aliyetengeneza tovuti miaka miwili iliyopita. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ipo, anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili na ajue anazitunza wapi na kwanini. Ukiburuta fomu ukaidondosha hakuna kinachokukumbusha hayo. Fundi anayejua kazi yake atakuuliza, hii NIDA unaihitaji kwenye tovuti kweli au ataionyesha akifika mapokezi?

Wapo ambao nawaambia waziwazi wasinilipe. Umemaliza chuo unataka kuonyesha kazi zako, jitengenezee, tena utajifunza. Unaanza kupiga picha za harusi, weka picha zako nzuri ishirini na namba, tosha. Kamati ya harusi, kikundi cha kwaya, duka la mtaani ambalo wateja wake wote wanapita hapo mbele, msinitafute. Pesa ya dizaina inaanza kuwa na maana pale ambapo mgeni asiyekujua ndo anakuletea riziki na ana machaguo mengine kumi kwenye simu hiyo hiyo.

Kwa wale wa katikati, hela ipo kidogo na zana mnaipenda, kuna njia ambayo nimeanza kuifanya na naona inafaa. Jenga mwenyewe kwa zana unayoijua, sajili domeini kwa jina lako na kwa barua pepe yako, alafu mlipe dizaina masaa machache tu badala ya tovuti nzima. Nusu ya masaa hayo ni kukaa na wewe kukuuliza maswali na kuandika upya ule ukurasa wa kwanza, nusu nyingine ni kubana picha, kupima rangi, kurekebisha ramani na kufanya namba ziguswe. Mwishoni tunamchukua mtu ambaye hajawahi kuiona hiyo tovuti, dereva wa boda au muuza vocha, tunampa simu nje juani kwa bando la kawaida, tunamwambia tafuta bei alafu piga, na wote wawili tunanyamaza tunaangalia kidole chake kinakwama wapi. Tukishaona kilipokwama tunarudi ndani tunarekebisha hapo hapo, tunamtafuta mwingine. Bei ya hayo masaa tunakubaliana kabla hatujakaa, na paswedi zote unabaki nazo wewe.